Chuma chini ya gari: kutoka kantonye hadi bamba la resori kwenye barabara ya Walikale

Mubi, wilaya ya Walikale – Familia iliyokimbia vita ikitafuta gari la kuirudisha kijijini hukutana na jambo lisiloeleweka upesi. Gari ni Land Cruiser ndefu, nyuma bado kuna nafasi, magodoro yamekwisha kufungwa juu, watoto wamekwisha kuhesabiwa. Na bado shofere anasema gunia moja libaki. Mama anaiona nafasi kwa macho yake. Shofere ananyosha kidole chini, kwenye matope, kana kwamba jibu limelala huko.

Jibu limelala huko kweli. Mtu akiinama na kutazama kando ya gurudumu la nyuma, ataona chuma ambacho hakikutoka kiwandani pamoja na gari: bamba nene chini ya resori, jingine chini ya diferansieli, yote yamekwaruzwa hadi yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kila kilo ya chuma hicho ni kilo ya mzigo iliyoondolewa juu. Gunia limeachwa kwa sababu ya barabara, si kwa ukaidi wa shofere, ingawa mashofere wakaidi nao wapo.

Chuma hicho kina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo si ya magari. Ni ya watu waliokuwa wakishika majembe kando ya njia, na ya siku walipoacha kuyashika.

Kabla ya gurudumu, mzigo wa Walikale ulikwenda kichwani na mgongoni. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoka Ziwa Kivu akaingia msituni kuelekea magharibi hadi mto Lualaba, kwa miguu, pamoja na wapagazi waliokuwa wameondoka naye pwani. Jina lake limebaki vitabuni. Ya wapagazi ni vigumu kuyapata. Njia ya mpagazi haihitaji resori. Inahitaji gogo juu ya mto na mahali pa kulala. Msitu huu wenye mto Lowa, mto Oso na vijito visivyohesabika ulipitika kwa namna hiyo kwa muda mrefu sana kabla ya yeyote kuona gari.

Gari lilipofika Kongo, swali la tope lilifika nalo. Mwezi Oktoba 1924 msafara wa kampuni ya Citroën ya Ufaransa, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, uliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria na magari 8. Ulivuka Sahara, ukapita kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa Buta na Niangara, ukafika Kampala, na mwaka 1925 ukamalizia safari Madagaska. Haukupita Walikale. Unatajwa hapa kwa ajili ya sehemu ya nyuma ya magari yale. Mhandisi Adolphe Kégresse alikuwa ameyaondoa kabisa magurudumu ya nyuma na kuweka mikanda ya mpira inayozunguka, ili uzito wa nyuma utandazwe juu ya tope badala ya kulichimba. Yalikuwa magari ya ajabu kwa wakati ule. Hata hivyo mikanda haikutosha, na utawala wa Kibelgiji uliwatoa watu vijijini kufyeka na kusawazisha njia mbele ya msafara.

Tangu wakati ule kulikuwa na namna mbili za kulishinda tope la Kongo: kulivika gari, au kuitunza barabara. Wabelgiji walichagua ya pili, kwa mikono isiyo yao.

Ndipo alipozaliwa kantonye, mtu wa kijijini aliyepewa kipande chake cha barabara, na jembe, na mwangalizi juu ya kichwa chake. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maji. Alizibua mifereji ya pembeni, akafyeka majani yanayozuia jua lisikaushe udongo, akarudisha mgongo wa barabara uwe juu katikati ili mvua iteremke kulia na kushoto. Wazee wanaosema kwamba wakati wa Wabelgiji barabara zilikuwa nzuri wanasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba kazi hizo zilikuwa za lazima, na aliyekataa aliadhibiwa. Barabara nzuri ililipwa na kijiji, kwa jasho, na aliyepita juu yake katika gari hakuwa mwanakijiji.

Kulikuwa pia na kitu ambacho vijana wa leo wangekishangaa: barieri ya mvua. Mti ulilazwa barabarani mvua ilipoanza, na malori yakasimama hadi udongo ukauke. Si kwa ajili ya kodi. Ni kwa sababu lori moja lenye mzigo likipita kwenye udongo mwekundu uliolowa linaacha mikato miwili ya magurudumu. La pili linaizidisha. La kumi linaacha mahandaki mawili na tuta katikati. Siku tuta hilo linapokuwa juu kuliko tumbo la diferansieli, gari linakalia tumbo na magurudumu yanazunguka hewani. Saa chache za kusubiri ziliokoa wiki za kazi ya jembe. Neno barieri limebaki hadi leo kwenye barabara zetu. Maana yake imegeuka, na tutaifikia.

Magari yenyewe yalikuwa yanabadilika. Jeep ya jeshi la Marekani ya mwaka 1941 ilisambaza duniani kote muundo ambao mafundi wa Kivu wanaujua kwa kufumba macho: ekseli nzima mbele na nyuma, juu ya resori, vile vyuma virefu vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Waliokuwa wakiitengeneza waliwaza tayari juu ya mawe, kwani waliweka bamba la chuma chini ya gia. Mwaka 1948 Waingereza walionyesha Land Rover yao ya kwanza mjini Amsterdam. Mwaka 1951 Wajapani wa Toyota walitengeneza gari la namna hiyo hiyo, na mwaka 1954 wakaliita Land Cruiser. Aina ya 70, ambayo ndiyo karibu kila mtoto wa Masisi na Walikale anaichora kwenye mchanga akiambiwa achore gari la shirika la misaada, ilianza mwaka 1984. Mwaka 1999 mbele yake ilipewa springi za mviringo, lakini nyuma resori zikabaki. Sababu ni rahisi: resori hubeba mzigo mzito, na ikivunjika kipande kimoja, fundi wa kijijini anaweza kukibadilisha.

Somo la kulivika gari chuma lilijifunzwa hasa Afrika Mashariki, katika mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yale ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Magari ya kawaida ya mjini yalikimbizwa kwenye mawe, mito na tope la mwezi wa nne. Mengi yaliishia njiani kwa sababu ya jiwe moja lililopasua tangi la mafuta chini ya injini. Kinga ya chini ikawa jambo la lazima kama tairi la akiba. Joginder Singh wa Nairobi, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, kisha tena mwaka 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na fundi anajua hesabu ambayo dereva wa kawaida anaisahau: bamba zito mno linaua gari polepole sawasawa na jiwe linavyoliua mara moja. Tofauti ni kwamba gari la mashindano linabeba watu wawili. La Walikale linabeba kumi na tano, na mbuzi.

Baada ya uhuru, majembe hayakuanguka siku moja. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunda Ofisi ya Barabara, na kazi za salongo zikawatoa wakaaji tena kufyeka kando ya njia. Kampuni ya madini SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za Kivu na Maniema, ilihitaji njia za kutolea kasiteriti yake, na penye mgodi unaofanya kazi tingatinga halikukosekana. Barabara kuu namba 3, kutoka Bukavu kupitia Hombo, Walikale na Lubutu hadi Kisangani, ilipewa lami katika sehemu zake za msituni. Kisha mwaka 1985 bei ya bati duniani ikaanguka ghafla. Kampuni ikadhoofika, serikali nayo ilikuwa imedhoofika tayari, na kantonye asiyelipwa akarudi shambani kwake. Nani angemlaumu? Mwezi Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, hapa wilayani Walikale, vita vikaenea hadi Masisi, na tangu hapo jembe la barabara halijapata miaka mingi ya utulivu.

Lami ile ya msituni ina hadithi yake, na ni ya kuchekesha kama si ya kusikitisha. Mwishoni mwa 1996, wakimbizi wa Rwanda walipotembea kwa maelfu kupitia Walikale hadi Tingi-Tingi karibu na Lubutu, ndege za misaada zilitua juu ya barabara. Miaka michache baadaye jambo hilo likarudi hapa jirani na Mubi. Kasiteriti ya Bisie iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa kuwa hakuna lori lililoweza kuifikisha Goma kwa uhakika, ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami pale Kilambo, watu na pikipiki wakiondoshwa kwanza pembeni. Barabara iliyojengwa kwa magari ikawa kiwanja cha ndege kwa sababu magari hayakuweza kuifikia. Mubi ikakua kwa biashara hiyo: maduka, majumba ya kununulia madini, bia iliyopanda ndege na kuuzwa kwa bei ya kupanda ndege.

Na mgodini kwenyewe wapagazi walirudi. Kutoka Bisie hadi Njingala walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, siku nzima na zaidi msituni, miaka zaidi ya mia moja baada ya wale wa 1894. Mwezi Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ilifungua barabara hadi mgodini, na mwaka 2019 ikaanza kutoa bati kwa mashine. Kwa hiyo inawezekana kupitisha magari makubwa katika msitu huu. Inategemea tu nani anayeihitaji barabara, na kwa mzigo gani.

Mwaka 2008 sheria iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaopata fedha zake kutokana na tozo juu ya mafuta ya magari na malipo ya njiani. Shofere akinunua mafuta halali analipa tayari kwa ajili ya barabara. Kisha anaikuta barieri. Ile ya zamani ilifungwa kuilinda barabara. Ya leo inakula juu yake. Watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walizihesabu barieri katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na ripoti yao ya mwaka 2017 ikataja 798, za wanajeshi, za makundi yenye silaha, za watumishi wa serikali. Kwa hiyo mwenye gari hulipa mara tatu: kwenye mafuta, kwenye barieri, na kwenye gereji. Malipo ya gereji peke yake ndiyo anayoyaona kwa macho, kwa kuwa yamefungwa kwa buloni chini ya gari lake.

Ni vizuri kueleza chuma hicho kinafanya nini, maana abiria wengi wanalala juu yake safari nzima bila kujua.

Nyuma ya gari ndiko mzigo ulipo, na ndiko gari linakozama. Kila resori hufungwa kwenye ekseli kwa vifungo viwili vya umbo la U. Vinazunguka vyote viwili na kuvibana, na ncha zake zenye nati hutazama ardhi. Hapo hapo chini kunashikwa mguu wa amortiseri. Basi kitu kinachoshikilia ekseli yote ndicho kinachoning'inia chini na kukutana na jiwe kwanza. Jiwe likigonga ncha hizo, meno ya nati yanasagika, na nati haikazwi tena. Hakuna linaloonekana siku hiyo. Baada ya safari mbili tatu vifungo vinalegea, buloni ndogo ya katikati ya resori inakatika, na ekseli inasogea. Kuanzia hapo gari linakwenda upande kama kaa, tairi zinalika, na kwenye mteremko wa Masisi shofere anapigana na usukani ambao hauna kosa lolote.

Bamba la kinga linawekwa ili jiwe ligonge chuma kisicho na kazi nyingine. Bamba dogo nene hukaa chini ya kila resori, limekunjwa juu mbele na nyuma kama ncha ya mtumbwi, ili gari liteleze juu ya kikwazo badala ya kukishika. Fundi makini anakunja pande zote mbili, kwa sababu gari lililokwama hutoka kwa kurudi nyuma. Bamba jingine pana hufunika diferansieli. Wengine hulitengeneza kwa kipande cha resori kuukuu ya lori, chuma kigumu kisicholika upesi, kilekile ambacho wahunzi hukifulia panga na jembe. Fikra hiyo si ngeni Kivu. Mtengenezaji wa chukudu huvika gurudumu lake la mbao mpira wa tairi lililokufa, na anajua vizuri kwamba kinachovaa ni mpira, si gurudumu.

Kosa linalogharimu sana ni haraka ya kuchomelea. Ekseli ikichomelewa moja kwa moja, joto linaipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na linaunguza mipira inayozuia mafuta yasitoke. Resori yenyewe ikiguswa na moto wa kuchomelea inapoteza ugumu wake mahali hapo, na mahali hapo hapo ndipo itakapovunjika. Bamba la kinga hufungwa kwa buloni, ili likipindika litolewe, ligongwe kwa nyundo kwenye jiwe, na kurudishwa. Linaachiwa tundu la kufikia kizibo cha mafuta ya diferansieli, na matundu mengine ya kutolea tope, maana tope linalokauka juu ya bamba ni mzigo usiolipa nauli, na tena linashika maji yanayolisha kutu. Gari likiwa tupu na likiwa limejaa, fundi hutazama kama bamba linagusa bomba la breki au waya wa breki ya mkono. Wanaopima gari tupu peke yake huja kujua njiani. Baada ya safari ya kwanza nati zote hukazwa tena, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu baada ya safari ya kwanza kuna abiria wa safari ya pili wanaosubiri.

Kisha hesabu ya uzito. Bamba la diferansieli lenye urefu wa sentimita 50, upana wa 40 na unene wa milimita 6 lina kilo 9 na zaidi kidogo. Mabamba mawili ya resori, kila moja sentimita 30 kwa 15 na unene wa milimita 8, yanakaribia kilo 6 pamoja. Kinga ya mbele chini ya injini, ikiwa na sentimita 70 kwa 60 na milimita 6, ni karibu kilo 20. Jumla ni kilo 35 kabla ya buloni, na kabla ya vipande vya resori ambavyo mwenye gari huongeza ili nyuma isizame. Gunia la mchele la kilo 25 limekwisha kupata jina lake. Na bado lipo jambo la aibu: bamba lililofungwa chini mno hupunguza nafasi kati ya gari na ardhi, likaanza kugonga mawe ambayo gari bila bamba lingeyapita. Kuna magari yanayobeba kinga dhidi ya kinga yao wenyewe.

Mashirika makubwa yana bohari zao za vipuri na huagiza magari yakiwa na vifaa vya porini tangu mwanzo. Gari la mfanyabiashara wa Mubi halina bahati hiyo. Limekwisha kufanya kazi nchi nyingine kabla ya kufika hapa, na resori zake za nyuma zimekwisha kubadilishwa kipande kimoja kimoja hadi ni vigumu kusema kipi ni cha zamani.

Wilaya ya Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu asilimia 40 ya mkoa mzima wa Kivu Kaskazini. Mgonjwa anayehitaji kupasuliwa, chanjo iliyo ndani ya sanduku la barafu, mwanafunzi wa mtihani wa serikali, wote wanategemea vifungo vinne vya U vilivyo nyuma ya gari. Mwaka 2025 hata hivyo havikusaidia. Mapigano yalifika Masisi-centre mwezi Januari, Goma ikachukuliwa na M23 tarehe 27 mwezi huo huo, na tarehe 19 Machi waasi wakaingia Walikale-centre. Alphamin ilikuwa imewaondoa wafanyakazi wake Bisie siku chache kabla, na ikarudi kazini mwezi Aprili baada ya waasi kuondoka Walikale-centre. Familia zilizokuwa kati ya Masisi na Walikale zilikimbia kwa miguu, nyingine zikiwa zimekimbia mara ya tatu au ya nne, na kambi zilizozunguka Goma zilikuwa zimevunjwa tangu Februari. Barabara ikifungwa na bunduki, gari lenye chuma na lisilo na chuma husimama mahali pamoja.

Ikifunguliwa, tofauti inarudi mara moja. Magari ya kwanza kupita huyakuta mashimo ya msimu mzima ambayo hakuna aliyeyagusa. Hapo vijana wa kijiji huonekana na majembe, wakijaza mawe kwenye shimo na kunyosha mkono kwa kila gari linalopita. Wengine huwaita wezi, na ni kweli kwamba shimo moja laweza kujazwa mchana na kuchimbwa tena usiku. Lakini mara nyingi hao ndio peke yao walio na jembe mkononi kwa kilomita nyingi, wakifanya kazi ya babu zao bila mwangalizi na bila mshahara. Shofere huwapa franga mia tano, anapita polepole juu ya mawe mapya, na abiria husikia chini yao sauti ndefu ya chuma kikikwaruzwa.

Gunia lililobaki Mubi hulipiwa motari siku ya pili. Pikipiki nayo ina bamba lake chini ya injini.